Skrubu, doweli, au tundu na ulimi: samani yako ya kwanza uiunge vipi?

Nina vigoda vinne vinavyofanana kama shilingi kwa ya pili. Kimo ni sentimita 45, mbao ni za msonobari uleule, miguu ina unene wa milimita 40 kila upande, na chini ya kikalio kuna mbao fupi nne zinazofunga miguu pamoja. Hizo nitaziita mikanda. Mkanda mmoja una upana wa milimita 70 na unene wa 20. Ukivipanga kwenye mstari huwezi kujua kipi ni kipi mpaka uvikalie. Kimoja kinacheza. Kimoja kilikuwa kinalia kila nikihamisha uzito, hadi nilipokitia dawa. Cha tatu kimetulia, ila mguu wake mmoja umekaa upande kidogo na hautanyooka tena. Cha nne nimekisimamia mara nyingi nikibadilisha taa ya dari, na hakijawahi kusema neno.

Tofauti yao ni kiungo tu. Cha kwanza nilipiga misumari, cha pili nikatia gundi na skrubu, cha tatu doweli (vijiti vya mviringo vinavyofichwa ndani ya mbao zote mbili), cha nne tundu na ulimi (ncha ya ubao mmoja inachongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la mwingine). Sikukusudia kufanya jaribio. Kila kimoja kiliniudhi kwa namna yake, nikatengeneza kingine.

Fundi mpya akiuliza kuhusu viungo, swali huwa lilelile: kipi kina nguvu zaidi? Nami niliuliza hivyohivyo. Siku hizi naona swali hilo linampoteza mtu, kwa sababu jibu lake (tundu na ulimi) halimsaidii aliyeshika msumeno kwa wiki ya pili. Bora aulize hivi: nikikosea milimita moja, kiungo hiki kitanisamehe? Kisha: hii samani itasukumwa kutoka upande gani? Ulinganisho huu nimeuandika kwa kufuata maswali hayo mawili.

Kigoda huvunjikia wapi

Uzito wa mkaaji ukishuka moja kwa moja kwenye miguu, hata kigoda kibovu kinaumudu. Kazi huanza mtu anapojisogeza. Akiegemea nyuma, au akikivuta kigoda huku amekikalia, kila mguu unageuka mtaimbo: karibu sentimita 40 za mguu zinabetua kiungo chenye kimo cha sentimita 7. Kiungo hakibebi uzito tu, kinapambana na mtu anayejaribu kukifungua mara mia kwa siku bila kujua.

Halafu kuna ubao wenyewe. Ubao ni fungu la nyuzi zilizolala upande mmoja, mfano wa fito za ufagio zilizofungwa kwa kubanwa sana. Ubavuni, gundi hukutana na nyuzi zilizolala, ikazishika kwa urefu wake. Kwenye ncha, pale msumeno ulipozikata, gundi hukutana na midomo ya mirija iliyo wazi, nayo huinywa kabla haijashika. Skrubu ikiingia kwa upande wa ncha, meno yake hupita katikati ya nyuzi badala ya kuzikata na kujifunga ndani yake, kwa hiyo huvutika kirahisi zaidi. Bahati mbaya, karibu kila kona ya samani ni ncha ya ubao mmoja inayokutana na ubavu wa mwingine. Viungo vyote ambavyo mafundi wamebuni ni njia za kukwepa udhaifu huo mmoja.

Misumari

Kigoda cha misumari kilinichukua asubuhi moja. Misumari miwili ilipasua mikanda karibu na ncha, nikakata mipya, nikaendelea. Kwa miezi miwili mitatu nilikikalia kwa fahari. Baadaye kikaanza kucheza, nikakigongea misumari zaidi, kikakaza kwa wiki moja, kikarudia. Msumari hauna meno. Unashika kwa msuguano tu, na kila mguu unapobetuliwa unatoka kwa unywele mmoja. Tundu ulilopitia haliwezi kurudi kubana.

Hiyo haina maana kwamba msumari ni wa kudharau. Ukisukumwa kwa ubavu una nguvu nyingi. Ukivutwa kwa urefu wake ndipo unapokubali. Mgongo wa kabati ni mfano mzuri. Karatasi ya plaiwudi iliyopigwa misumari midogo kuzunguka nyuma yote hulizuia kabati lisiyumbe kwenda upande, na hapo kila msumari unasukumwa kwa ubavu. Kwa kazi hiyo sioni haja ya kitu kingine.

Kama utatumia misumari, gonga ncha yake kwa nyundo kwanza ili iwe butu. Inashangaza, lakini ncha kali hupenya kama kabari na kutenganisha nyuzi, wakati ncha butu huziponda na kusonga mbele. Misumari yangu miwili ile ya mwanzo ingeniachia mikanda mizima laiti ningelijua hilo.

Gundi na skrubu

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa sababu hii ndiyo njia ninayomshauri karibu kila anayeanza, na ndiyo njia inayofanywa vibaya kuliko zote.

Gundi nyeupe au ya manjano ya mbao, ile inayoyeyushwa kwa maji, ina asili ya polivinili asetati, kemikali iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1912. Ukiunga mbao mbili ubavu kwa ubavu kwa gundi hiyo, zikiwa zimerandwa sawasawa na kubanwa, kiungo kinakuwa imara kuliko ubao wenyewe: ukikivunja, mbao ndizo zinazochanika, gundi inabaki. Kwa hiyo kwa kuunga uso wa meza kutokana na mbao nyembamba, gundi peke yake inatosha. Watu huongeza doweli humo kwa imani kwamba wanaongeza nguvu. Kinachoongezeka ni urahisi wa kupanga mbao zisiteleze wakati wa kubana, na hilo si baya, lakini lisikutishe kama huna doweli.

Kwenye kona mambo ni tofauti, na ndipo skrubu inapoingia. Kwenye kigoda changu cha pili nilipitisha skrubu za milimita 80 kutoka nje ya mguu hadi ndani ya ncha ya mkanda. Milimita 40 zinapita kwenye mguu, 40 zinashika mkanda. Nilizipishanisha kimo ili skrubu za mkanda mmoja zisigongane na za jirani yake ndani ya mguu.

Kosa langu lilikuwa tundu. Nilitoboa tundu jembamba la kuongoza kupitia mbao zote mbili kwa mkupuo, nikakaza, na kati ya mguu na mkanda ukabaki mwanya wa unene wa karatasi. Nikakaza zaidi; mwanya ukabaki palepale. Nilidhani mkanda haukukatwa sawa. Kumbe meno ya skrubu yalikuwa yameshika mbao zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo yanazishikilia kwa umbali uleule zilioanza nao. Ubao wa kwanza, ule ulio upande wa kichwa cha skrubu, unahitaji tundu pana ambalo skrubu inapita bila kugusa. Ubao wa pili ndio unaotobolewa tundu jembamba, lenye upana wa kiini cha skrubu bila meno yake. Kwa skrubu ya milimita 5, hiyo ni tundu la milimita 5 kwenye ubao wa kwanza na la kama milimita 3 kwenye wa pili. Hapo kichwa kinavuta, meno yanavuta, na mwanya unafungwa mbele ya macho yako.

Gundi nayo ina adabu zake. Kabla ya kuifungua chupa, kusanya samani yote kavukavu, kaza skrubu zote, kagua kila kona kwa guni (kipimo cha pembe mraba), kisha zifungue. Ukishapaka gundi una dakika tano hadi kumi kabla haijaanza kushika, na dakika hizo si za kutafuta bisibisi. Gundi ikitosha, hujitokeza kwenye mstari wa kiungo kama shanga ndogondogo. Ikitiririka umezidisha, isipoonekana kabisa, umebana ubao mkavu. Gundi nyingi za aina hii hazishiki vizuri penye baridi ya chini ya digrii 10 za Selsiasi, na ingawa unaweza kuondoa vibanio baada ya saa moja hivi, usikalie kitu hadi kesho yake. Paliposambaa gundi na kukaukia, rangi ya kupaka mbao haitapenya, na utaona doa lililopauka baada ya kumaliza kila kitu. Mimi huziacha shanga zile ziwe kama mpira laini, halafu nazibandua kwa patasi.

Huna klampu, yaani vibanio? Zungusha kamba kwenye miguu yote minne, ingiza kijiti, kisokote. Kamba inabana kona zote kwa nguvu sawa, jambo ambalo klampu mbili za kuazima haziwezi.

Kigoda hicho kilishika, lakini kililia. Skrubu zilikuwa kwenye ncha za mikanda, na nimeshaeleza ncha zinavyoshika. Dawa yake ilikuwa vipande vinne vya pembetatu, vilivyokatwa kutoka kwenye makombo, nikavitia gundi na kuvikaza kwa skrubu ndani ya kila kona, chini ya kikalio. Kipande hicho kinagusa ubavu wa mkanda huu na ubavu wa mkanda ule. Gundi sasa inakutana na nyuzi zilizolala pande zote mbili, na skrubu zinakata nyuzi badala ya kupita katikati yake. Kilio kikaisha siku hiyohiyo. Ukichagua njia ya skrubu kwa kitu chochote chenye miguu, usiache vipande hivyo vya kona. Havionekani, na ndivyo vinavyobeba kazi.

Kuna binamu wa njia hii: skrubu za mshazari. Unatoboa tundu lililolala, karibu digrii 15, kuanzia ndani ya mkanda, na skrubu inatokea kwenye ncha ya mkanda na kuingia ubavuni mwa mguu. Uzuri wake ni kwamba meno yanaishia mahali panaposhika. Ubaya ni kwamba unahitaji kifaa maalumu cha kuongoza drili, na skrubu zenyewe ni za kuchagua: meno mapana kwa mbao laini kama msonobari, meno ya karibukaribu kwa mbao ngumu. Nimeitumia kwa fremu za makabati na naipenda. Kwa viti na vigoda bado naitazama kwa jicho la pembeni.

Jambo moja kwa wanaotumia mbao za mwaloni: zina tanini nyingi (kemikali ya asili ya mti), na chuma kikipata unyevu ndani yake huacha doa jeusi kama wino. Tumia skrubu zisizoshika kutu.

Msamaha wa njia hii ni mkubwa. Umekosea, na gundi bado haijashika? Fungua skrubu, ondoa, rekebisha, rudisha. Hakuna kiungo kingine katika orodha hii kinachokupa nafasi ya pili bila kuvunja kitu.

Doweli

Doweli ni kijiti cha mviringo kinachoingia nusu kwenye ubao mmoja na nusu kwenye mwingine, na gundi ikikizunguka. Ukikitazama unaona ndoto ya anayeanza: matundu mawili, kijiti, gundi, na hakuna kichwa cha skrubu kinachoonekana. Samani nyingi za kujiunganishia nyumbani huja na vijiti hivyo. Kwa hiyo mtu anasema, kama wenye kiwanda wanaweza, mimi nashindwaje?

Wao wana mashine inayotoboa matundu yote kwa kipimo kimoja. Wewe una penseli. Doweli mbili kwenye kona moja zinadai matundu manne yaliyonyooka na yaliyo mahali pake hasa, na kosa la milimita moja kwenye tundu moja linatosha kukizuia kiungo kizima kisiingie, au kiingie kikiwa kimepinda. Haliwezi kusukumwa, haliwezi kukazwa, na ukishatia gundi halirudi. Mguu wangu ule wa upande ni kazi ya tundu moja lililolala kidogo tu. Nililiona nikiwa nimeshapaka gundi. Nikagonga kwa nyundo nikitumaini litajinyoosha.

Kama umekaza moyo, haya ndiyo yaliyonisaidia kwenye kona tatu zilizobaki. Kipenyo cha doweli kiwe kati ya theluthi na nusu ya unene wa ubao. Kwa ubao wa milimita 20, doweli ya 8 inafaa. Weka mbili au zaidi kila kona, kwa kuwa moja peke yake inauruhusu ubao kuzunguka. Tundu liwe na kina cha milimita mbili zaidi ya urefu wa doweli inayoingia, ili gundi ipate pa kukimbilia, na chagua doweli zenye mifereji midogo ubavuni kwa sababu hiyohiyo. Toboa ubao mmoja kwanza, tia kwenye matundu yake vichuma vidogo vyenye ncha katikati, bana kwenye ubao wa pili, na ncha zikuonyeshe pa kutoboa. Usipime mara ya pili kwa rula.

Nguvu ya doweli si mbaya. Inazidi skrubu ya kwenye ncha isiyo na kipande cha kona, haifikii ulimi. Ugomvi wangu nayo ni kwamba inadai usahihi wa seremala mzoefu, kisha inalipa ujira wa mwanafunzi. Kwa anayejifunza, naiweka ya mwisho.

Tundu na ulimi

Karibu na Leipzig, Ujerumani, wanaakiolojia walifukua visima vilivyojengwa kwa mbao zaidi ya miaka 7000 iliyopita. Waliovijenga hawakuwa na chuma; walikuwa na mashoka ya mawe. Na baadhi ya mbao zile zimefungwa kwa tundu na ulimi, na ulimi umetokeza upande wa pili na kufungwa kabari. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapolalamika kwamba patasi yangu imepoteza makali.

Kiungo hiki kinashinda kwa sababu hakiitegemei ncha ya ubao hata kidogo. Ncha ya mkanda inachongwa iwe ulimi mwembamba, na ubavu wa ulimi unakutana na ubavu wa tundu ndani ya mguu: nyuzi zilizolala kwa nyuzi zilizolala. Mabega, yaani zile ngazi mbili pembeni mwa ulimi, yanauegemea mguu na kuuzuia usibetuke. Hata gundi ikichoka baada ya miaka mingi, umbo lenyewe bado linashika.

Kanuni ya unene ni theluthi moja ya ubao. Mkanda wangu una milimita 20, kwa hiyo ulimi ni 6 hadi 7, na hapo patasi yako ndiyo inayoamua: kama unayo ya milimita 6, ulimi ni 6. Anza na tundu, siku zote. Tundu likipanuka kidogo unaweza kuuacha ulimi uwe mnene zaidi. Ukianza na ulimi, utalazimika kuchonga tundu la kufuata kipimo, na hiyo ni taabu ya kujitakia. Anza kuchimba katikati, patasi ikiwa wima, ukielekea nchani kwa hatua za milimita tatu tatu, na acha milimita mbili kila mwisho bila kuzigusa mpaka kina kimetimia. Utakapokuwa unabetua vipande kutoka ndani, patasi itaegemea hizo milimita mbili na kuziponda. Hazina shida, zitaondolewa mwishoni, na kingo halisi za tundu zitabaki kali.

Kwenye ulimi, msumeno ukate upande wa kutupwa wa mstari, mstari wenyewe ubaki unaonekana. Kisha punguza kwa patasi, unywele kwa unywele. Ulimi mzuri unaingia kwa kusukuma kwa kiganja, na ukiinua mkanda mguu unaning'inia bila kuanguka. Ukihitaji nyundo, umebana mno na utapasua mguu. Ukianguka wenyewe, bandika kibanzi chembamba cha ubao uleule kwenye ubavu wa ulimi kwa gundi, kisubiri kikauke, anza kupunguza upya. Huo ndio msamaha wa kiungo hiki, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Doweli haina dawa ya namna hiyo.

Kwenye kigoda, ndimi mbili hukutana ndani ya mguu mmoja. Zikate ncha zake kwa mshazari wa digrii 45 ili zipishane. Mara ya kwanza nilisahau, nikawa nagonga mkanda wa pili nikishangaa kwa nini hauingii.

Bei yake ni muda. Kigoda cha misumari kilichukua asubuhi moja. Hiki kilichukua wikendi tatu, na mbili kati yake nilikuwa nanoa patasi na kuharibu makombo.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Misumari | Gundi na skrubu | Doweli | Tundu na ulimi |
|---|---|---|---|---|
| Zana ya lazima | nyundo | drili, bisibisi | drili, vichuma vya kuonyesha | patasi kali, msumeno mwembamba |
| Kosa la milimita 1 | halionekani sana | linarekebishika | linabaki milele | linabandikwa kibanzi |
| Kubetuliwa | hulegea | imara ikiwa na vipande vya kona | imara | imara kupita zote |
| Muda wa kigoda changu | asubuhi | siku moja na kukausha | siku mbili | wikendi tatu |

Jedwali halikuambii kuhusu meza

Baada ya vigoda nikajiona fundi. Nikatengeneza meza yenye uso wa sentimita 80 kwa upana, mbao nzima zilizoungwa kwa gundi, na uso huo nikaufunga kwenye mikanda kwa gundi na skrubu kuzunguka pande zote nne. Haukutikisika. Mwezi wa tatu, usiku, nilisikia mlio mkavu kama wa fimbo inayovunjwa. Asubuhi niliukuta mpasuko katikati ya meza, mrefu kama mkono wangu, na sarafu ingesimama ndani yake.

Ubao haukui kwa urefu kiasi cha kuhesabika. Kwa upana, hupumua. Hewa ikiwa na unyevu unavimba, ikikauka unasinyaa. Ubao uliopasuliwa kwa namna ya kawaida hubadilika upana kwa karibu asilimia 1 kila unyevu wake unapobadilika kwa asilimia 4, na kwa uso wa sentimita 80 hiyo ni milimita 8. Mbao zangu zilitoka kwenye rundo la mbao za ujenzi, ambazo zinaweza kuwa na unyevu unaokaribia asilimia 19, zikaingia kwenye chumba kikavu. Zilitaka kusinyaa, skrubu zikazikatalia, zikapasuka. Gundi ilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

Kwa hiyo uso wa meza wa mbao nzima ni mahali ambapo kiungo chenye nguvu zaidi ni kosa. Ufunge kwa skrubu bila gundi, na matundu ya kwenye mikanda yawe marefu kama tundu la kifungo cha shati, yakielekea upana wa meza, ili skrubu iteleze na uso. Au tumia vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya mkanda. Njia rahisi kuliko zote ni kutumia plaiwudi kwa uso. Tabaka zake zimepishanishwa, moja inaizuia nyingine, na haihami kiasi cha kukusumbua. Hiyo unaweza kuigundisha upendavyo.

Basi uchague nini

Rafu ya ukutani au kisanduku: gundi na skrubu, umalize leo. Kinachoangusha rafu mara nyingi si kiungo bali urefu. Kwa mzigo uleule uliotandazwa, ukizidisha urefu mara mbili, rafu inabonyea mara nane zaidi. Ongeza unene au tia nguzo katikati.

Kigoda au benchi la kwanza: gundi, skrubu, na vipande vya kona. Hapo sibishani na mtu.

Kigoda cha pili: ruka doweli, nenda kwenye tundu na ulimi. Hata kikitoka kibaya, utakuwa umejifunza kunoa, kuchora mistari na kukata kwa kufuata mstari, ujuzi ambao skrubu haikufundishi kamwe.

Kitanda ni kesi ya peke yake, kwa sababu siku moja kitapita mlangoni. Mfumbati (ubao mrefu wa ubavuni) unapoingia kwenye tendegu (mguu wa kitanda), tia ulimi mfupi usio na gundi wa kubeba uzito, na bolti yenye nati iliyofichwa ya kuvuta kiungo kibane. Ukitumia gundi hapo, utakuja kukata kitanda chako kwa msumeno.

Droo ziache kwa sasa, pamoja na ule mkia wa njiwa (kiungo cha meno yanayopanuka kama mkia wa ndege) unaovutia kwenye picha. Kiti chenye mgongo pia. Pembe zake si za mraba, na mtu akiegemea nyuma kwa miguu miwili anakibetua kiungo cha nyuma kuliko kigoda chochote. Mimi mwenyewe nilikigusa baada ya samani ya saba.

Na kama bado huna uhakika, tumia makombo. Kata kona moja kwa kila njia, tia gundi, ziache hadi kesho yake. Kisha bana upande mmoja mezani na uvunje mmoja mmoja kwa mkono, ukitazama palipoachia. Ukiona nyuzi za ubao zimechanika na kubaki zimenata upande wa pili, gundi yako ilikuwa sawa. Ukiona utando laini unaong'aa, ulichelewa kubana, na hiyo ndiyo kona ya kurudia kabla ya kugusa ubao wako mzuri.